Mtoto wa Kwanza Hakai Nyumbani

Jumapili, 4 Mei

Mwamba umezaa!

Miaka sita nimengoja. Leo baada ya kanisa nilikuwa napangusa majani yake kwa brashi ya rangi, kama kila Jumapili. Nikatoa jani moja kavu la chini. Nikamwona. Mtoto! Ukubwa wa kidole gumba, mnene, madoa meupe, ukingo mwekundu kama wa mama yake. Nilipiga magoti pale pale kibarazani na suti yangu. Mama Cherop akauliza kutoka jikoni kama nimeanguka. Nikamwambia naomba.

Furaha ilidumu dakika nne hivi. Kisha nikakumbuka sheria.

Niandike mambo yote hapa, labda moyo utatulia. Mwamba ni mshubiri mdogo usiozidi kiganja. Marehemu Mzee Kipkemoi, mwanzilishi wa Chama cha Majani Manene hapa Nakuru, aliutoa kwenye jabali moja ukingoni mwa Ziwa Baringo. Ziwa likafura. Jabali sasa liko chini ya maji, samaki wanapita juu yake. Hakuna mtu aliyewahi kuona mshubiri mwingine wa aina hiyo. Katibu wetu Sitati amewaandikia hadi wataalamu wa vyuo, nao wakajibu kwamba hawaujui. Uliobaki duniani ni mmoja. Uko kibarazani kwangu, Milimani. (Mama Cherop husema hapa si Milimani, ni chini ya Milimani. Bili ya maji inasema Milimani.)

Sasa sheria. Mzee Kipkemoi aliiga mambo ya ng'ombe. Wazee wetu wa Kikalenjin hawakulaza ng'ombe wote zizi moja. Ulimpelekea rafiki wa mbali mmoja au wawili, awachunge na anywe maziwa, ili ugonjwa ukija, au wezi, usibaki mikono mitupu. Hiyo ndiyo kimanagan. Mzee akaihamishia kwenye vyungu. Mtoto wa kwanza wa mmea adimu hakai nyumbani. Anakwenda kwa mwanachama aliyepigiwa kura, na mwenye mmea akifiwa, huyo mwingine anamrudishia kizazi. Siku sheria ilipopitishwa nilipiga makofi kuliko wote. Wakati huo sikuwa na mmea adimu.

Na kura ya Mwamba ilimwangukia nani? Bi Samsam! Samsam Shariff mwenye duka la viungo karibu na soko. Mwanamke ambaye hajawahi kuua hata mche mmoja. Nilipokuwa mkaguzi wa mizani serikalini nilikagua mizani yake mara kumi na moja, mara nyingine bila kubisha hodi. Kila mara ilikuwa sahihi kabisa. Sijamsamehe.

Mkutano ni tarehe kumi na saba, hapa kwangu. Zamu yangu. Mtoto hutolewa mbele ya wote.

Nimeokota kokoto nyeupe na kumfunika mpaka asionekane. Mtoto asiyeonekana hajazaliwa.

Jumanne, 6 Mei

Maafa.

Sitati alifika bila taarifa. Kumbe ni mwezi wa kuhesabu mimea ya wanachama. Huyu Sitati ni fundi wa maabara, mikono yake ya polepole, kalamu nyuma ya sikio, na hakuna kitu anachokitazama mara moja tu. Nilimkaribisha sebuleni. Akasema ataanza na kibaraza. Nilimkaribisha chai. Akasema chai baadaye.

Alizisifu zile kokoto. Nikapumua. Kisha akakunja uso. Akasema, "Lakini mzee, hizi mawe zinashika maji kwa stem. Zitaua plant. Hebu tuzitoe."

Nikamwambia asisumbuke. Akasema si usumbufu. Akaanza kuzitoa moja moja, anazipanga kwenye kisahani. Mimi nimesimama nyuma yake, jasho linanitoka makwapani, naomba simu yake ilie, mbwa wa jirani abweke, chochote. Kokoto ya tisa.

"Wueh! Mzee! Umepata mjukuu!"

Picha ilikuwa kwenye kundi letu la WhatsApp kabla sijamimina chai. Hongera zilimiminika hadi simu ikawa moto. Bi Samsam alituma sauti. Akanipongeza kwa Kiswahili chake cha kwao pwani, kila neno limepigwa pasi, akasema chungu cha mtoto amekiweka tayari tangu mwaka juzi.

Mwaka juzi! Amekaa miaka miwili akinyemelea uzazi wangu!

Jumatano, 7 Mei

Nilimpigia Sitati nikasema mtoto ni mdogo mno, aachwe anyonye hadi mwakani. Akasema ana mizizi yake miwili, aliiona kwa macho yake. Nikasema hali ya hewa ni mbaya. Akasema hali ya hewa ya Samsam ni hiyo hiyo, ni kilomita tatu tu. Nikasema laini imekatika. Nikakata.

Sijala chakula cha mchana. Nimekaa nikimtazama mtoto. Watu wanasema ni mmea tu. Wao wana nini ambacho hakuna mwingine anacho? Mimi nilistaafu na saa ya ukutani na cheti chenye jina langu limeandikwa vibaya. Nina Mwamba tu. Nikimpa Samsam, tutakuwa wawili. Wawili si mmoja.

Jumatano, jioni

Nimepata! Bucha moja ya barabarani ambayo sitaitaja iliwahi kunifundisha kazi hii nilipokuwa nawakagua. Mteja anaonyeshwa paja, anachomewa shingo. Anakula, anashukuru, anaondoka.

Samsam atapata mtoto. Lakini si huyu.

Alhamisi, 8 Mei

Nimetoka Kabazi. Tope hadi kwenye vioo vya gari langu la Probox.

Kuna mama anaitwa Wariara anauza miche kando ya barabara: parachichi, sukuma wiki, vitunguu, na kwenye mifuko ya plastiki mishubiri midogo yenye madoa. Nilikuwa nimeiona mwaka jana nikaidharau. Leo niliinama nikaikagua mmoja mmoja kama anayechagua mchumba. Wariara akaniuliza, "Mzee, kuku zako zimegonjeka?"

Nikamwambia sina shida ya kuku. Akasema basi ni ya jirani. Akanieleza bila kuulizwa kwamba unakatakata jani, unatia kwa maji yao, asubuhi wanaamka wakikimbia. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba mimi ni mkusanyaji. Alinitazama kwa huruma. "Sawa, baba. Lakini ukichoka kukusanya, bado ni dawa ya kuku."

Nimenunua mmoja, nimeuweka karibu na mtoto wangu. Mungu wangu! Mapacha! Madoa yale yale, unene ule ule. Tofauti ni ukingo tu, huu wa Kabazi hauna wekundu. Lakini mshubiri ukipigwa jua na kunyimwa maji hugeuka mwekundu wenyewe. Nimeupandisha juu ya mabati ya choo cha nje. Una siku tisa za kuona haya.

Ijumaa, 9 Mei

Operesheni imefaulu.

Mama Cherop alikwenda sokoni. Nilichukua wembe mpya, nikauchoma kwa kiberiti, nikamtenga mtoto na mama. Kidonda kilichobaki kwa mama ni kikubwa kuliko nilivyotaka, kama sarafu ya shilingi ishirini. Vitabu vinasema kidonda kisiguswe na maji siku saba. Nilitazama juu. Mawingu mazito upande wa Menengai. Nikasema hayafiki.

Mtoto wa kweli nimemficha pale ambapo hata polisi hawawezi kupekua: kwenye banda la kuku la Mama Cherop, juu ya ubao ulio karibu na dirisha, ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Nani atatafuta hazina juu ya mavi ya kuku? Mwanga anao, hewa anayo. Nilijipongeza kwa sauti. Jogoo akanijibu.

Yule wa Kabazi nitamweka kwenye chungu kizuri cha udongo siku ya mkutano, na kibao chenye mwandiko wangu.

Jumapili, 11 Mei

Mvua! Tena si mvua, ni adhabu. Ilianza kwenye mahubiri. Nilitaka kutoka, lakini nilikuwa nimekaa katikati ya benchi na Mzee wa Kanisa upande mmoja, na matangazo yalikuwa marefu kuliko neno lenyewe. Nilisikia kila tone likigonga mabati ya kanisa nikajua linagonga wapi kingine.

Nilifika nyumbani nimelowa. Upepo ulikuwa umeisukuma mvua hadi ndani ya kibaraza. Chungu cha Mwamba kimejaa pomoni. Kidonda kinaelea.

Nimekimwaga, nimekikausha kwa taulo ya Mama Cherop, nimekipepea kwa kitabu cha nyimbo. Mama Cherop alisimama mlangoni akisema kuku wake wawili wameinamisha vichwa na hawali, na kwamba mwaka juzi ilianza hivyo hivyo akapoteza banda zima. Nikamwambia kila mtu abebe msalaba wake. Akarudi kwa kuku wake.

Jumatatu, 12 Mei

Doa. La kahawia, pembeni mwa kidonda. Dogo.

Jumatatu, saa kumi

Si dogo.

Jumanne, 13 Mei

Kila mkusanyaji anajua dawa: unga wa mdalasini. Unaunyunyiza kwenye kidonda, unakausha, unazuia uozo. Nilikimbilia jikoni. Kopo tupu. Mama Cherop alikuwa ameumaliza kwenye chai ya akina mama wa kanisa. Nilikwenda dukani mbio, wakanipa unga wa chai wenye tangawizi na pilipili manga. Siwezi kumtia Mwamba tangawizi. Duka la pili hawakuwa nao. La tatu pia.

Nilizunguka soko mara mbili. Kisha nikaingia kwa Samsam.

Nieleze hatari yake. Mwanachama wa chama chetu akinunua mdalasini mwingi ni kama mtu aliyeonekana akinunua sanda. Nilitengeneza uso. Akanikaribisha, akaniuliza habari za nyumbani, za Mama Cherop, za Cherop kule Eldoret, za magoti yangu. Nikasema zote njema. Nikaomba mdalasini wa unga, robo kilo.

Akauliza wa kupikia au wa kupaka.

Nikasema wa pilau. Akasema pilau hutaka vijiti. Nikasema basi wa mandazi. Akauliza tangu lini mandazi ya Mama Cherop yanakula robo kilo. Nikasema tuna wageni. Akapima. Niliutazama mshale wa mizani yake, sikuweza kujizuia. Ulisimama pale pale unapotakiwa.

Akifunga mfuko alisema taratibu, bila kunitazama, "Mficha maradhi, Bwana Kibii, kifo humuumbua." Kisha akauliza Mwamba haujambo.

Nikamwambia unang'aa.

Alhamisi, 15 Mei

Mwamba umekufa.

Asubuhi majani yalikuwa yamelala. Niliugusa kidogo tu. Ukang'oka wote mkononi mwangu, na ndani ya shina mlikuwa na uji wa kahawia unaonuka. Robo kilo ya mdalasini juu yake. Kibaraza kizima kilinukia keki ya Krismasi.

Nimelia. Mtu mzima, miaka sitini na mmoja, kwa sauti. Mzee Kipkemoi alipokuwa anaumwa ni mimi niliyempelekea uji kila jioni, na siku aliyonikabidhi chungu hiki hakusema maneno mengi, alisema tu niutunze. Nimeutunza miaka sita. Nimeuua kwa wembe mpya.

Kisha nikakumbuka: mtoto! Mtoto wa kweli yuko bandani! Nilifuta machozi nikakimbia na ndara zikaniponyoka njiani. Nikafungua banda.

Mkebe upo. Mtoto hayupo.

Kuku walikuwa wamezunguka karai wanakunywa kwa furaha. Maji ya kijani. Vipande vya madoa meupe vinaelea. Kipande kimoja kilikuwa na ukingo mwekundu, na yule tetea mweupe akakidona mbele ya macho yangu na kumeza.

Mama Cherop alikuwa anacheka peke yake kwa raha. Wamepona! Hata wale wawili waliokuwa wanakwenda wameamka. Akanishika mkono. Akasema, "Baba Cherop, nilikuwa nimesema huna roho. Kumbe ulinisikia. Ukaenda ukawatafutia dawa, ukaweka pale juu, na hukusema kitu." Macho yake yalikuwa na machozi. Mwaka huu wote hajanitazama hivyo.

Utamfokeaje mtu anayekushukuru? Alinipikia chapati. Nilikula nne.

Kuku kumi na mmoja wamekunywa mshubiri wa mwisho duniani, na wanaendelea vizuri.

Ijumaa, 16 Mei

Nimefikiri kwa utulivu. Njia ni mbili.

Ya kwanza ni kusema kweli. Niliifikiria nikinyoa ndevu, shavu la kushoto.

Ya pili ilikuja kwenye shavu la kulia. Mama amekufa. Mtoto wa kweli ameliwa. Aliyebaki ni wa Kabazi. Nani atamlinganisha na nani? Nitasema Mwamba umekufa kwa uzazi, kwa huzuni, kwa mvua ya Mungu, na huyu hapa ndiye mtoto wake, wa mwisho, mchukueni mkamtunze. Samsam atampokea kwa mikono miwili. Nitakuwa shujaa. Mtu aliyetii sheria siku ya msiba wake!

Shida ni picha za Sitati. Ukingo mwekundu. Nilipanda juu ya choo nikamkagua wa Kabazi. Amekuwa mwekundu kidogo, kwenye ncha, lakini pia ameota doa la njano. Nimemshusha, nikaligeuza doa upande wa ukutani.

Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo. Pale kwenye "wa mwisho" sauti inakatika yenyewe. Sihitaji kuigiza.

Jumamosi, 17 Mei

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Walifika saa nane, wanachama tisa. Nilikuwa nimekiweka chungu cha Mwamba mezani, kitupu, nimekifunika kitambaa cheupe. Wakaelewa. Sitati alivua kofia. Chepkemboi, mweka hazina wetu, mama mzito asiyelia hata matangani, alitafuta leso. Mtu mmoja akasema tuimbe. Tukaimba beti mbili.

Nikatoa hotuba. Nilikuwa vizuri! Nikasema kimanagan ni kimanagan, na mtu hutii sheria hata moyo ukivuja damu. Wakapiga makofi. Nikamkabidhi Samsam chungu cha udongo, upande wa doa ukiwa kifuani kwangu hadi dakika ya mwisho.

Akakipokea kwa mikono miwili. Akakitazama.

Sijui alitazama muda gani. Nilisikia kuku nje. Nilisikia saa yangu ya kustaafu ukutani. Aligeuza chungu polepole, akafika kwenye doa, akapita. Akainua jani moja kwa ukucha akalinusa. Sitati naye akasogea, simu mkononi, picha imefunguliwa. Akatazama simu. Akatazama mmea. Akanitazama mimi. "Mzee," alianza, "hii ni kama si..."

"Ahsante sana, Bwana Kibii," Samsam akamkatiza. Akasimama. Akaenda moja kwa moja jikoni alipokuwa Mama Cherop, akampa kile chungu, akamwambia kwa upole kwamba amesikia kuku walikuwa wanaumwa, na huyu atawafaa.

Mama Cherop akakipokea akishukuru. Akanitazama kupitia mlango. Nikaona uso wake unapiga hesabu: mkebe, ubao, kokoto, robo kilo ya mdalasini. Ilifika jumla. Akageuka akaanza kuosha vikombe visafi.

Nilitamani wanitukane. Samsam akatoka nje hadi kwenye gari lake, akarudi na kikapu kilichofunikwa leso ya kanga. Akakiweka mezani karibu na kile chungu kitupu, akafunua.

Mwamba! Si mmoja. Mitatu! Madoa meupe, kingo nyekundu, wanene, wamenawiri hata unaona haya kuwatazama.

Alisimulia akiwa ameketi, mikono mapajani. Mzee Kipkemoi alimpelekea wa kwanza miaka kumi na miwili iliyopita, amefungwa kwenye gazeti. Alimwambia ng'ombe wa kimanagan hatangazwi, na yeye akauchukua kama amana, na amana haina maneno. Hata Sitati alipokuwa anaandikia vyuo kwamba umebaki mmoja, alifunga mdomo. Mzee alipokuwa anaumwa alimwambia auonyeshe siku moja tu: siku ule wa kwangu utakapokufa.

Nikauliza kama mzee alijua utakufa.

Ni mwanamke muungwana, nadhani alitafuta namna ya kuizunguka. Haikuwepo. Akasema, "Alisema hivi: Kibii anaupenda mno. Mtu anayependa namna hiyo hapewi wa pekee."

Miaka sita ya kupangusa majani. Uji kila jioni. Na yule mzee, akinywa uji wangu, alikuwa tayari ananijua.

Samsam akachagua mmoja katika mitatu, ule mkubwa, akautia kwenye chungu changu kitupu kwa mikono yake. Akasema aliyefiwa hurudishiwa, sheria ni sheria. Akapangusa udongo mezani kwa kiganja, akaomba chai.

Nimeona aibu. Naiandika kwa sababu hakuna atakayeisoma. Nimeona aibu hadi masikio yanauma.

Jumatatu, 19 Mei

Mama Cherop hasemi nami. Anasema na kuku.

Jumatano, 21 Mei

Leo amesema. Amesema chumvi iko mezani.

Jumapili, 25 Mei

Nimefikiri wiki nzima, na nimepata funzo. Nashangaa lilikuwa wazi kiasi hiki.

Mzee Kipkemoi alificha. Samsam alificha, miaka kumi na miwili, akamdanganya Sitati, akadanganya hadi vyuo, na siku ya kufichua wote wakamwona malaika. Mimi nilificha siku sita tu nikaonekana mwizi. Kwa hiyo kosa halikuwa kuficha. Kuficha ndiyo desturi yenyewe! Kosa lilikuwa mahali, na muda mfupi. Kama mzee angekuwa hai angeniambia hivyo hivyo. Aibu imepungua sana tangu nilipolielewa hili, na nimekula vizuri.

Leo baada ya kanisa nilipangusa majani ya Mwamba mpya. Chini ya jani la tatu kuna uvimbe wa kijani. Mtoto! Kwa sheria huyu ni wa kwenda kwa Samsam, mwanamke mwenye miwili nyumbani, na nani ajuaye kama ni miwili? Alitoa mitatu haraka sana. Mtu hatoi haraka hivyo akiwa hana mingine. Nitalichunguza.

Sitati alituma ujumbe kuuliza hali ya Mwamba. Nikamjibu hajambo, anaendelea vizuri, dalili ya mtoto hakuna kwa miaka mingi ijayo. Kuhusu hesabu yake ijayo, nitakuwa nimesafiri.

Nimetoa suti mbili kwenye kabati la chumba cha kulala na kuzitundika nyuma ya mlango. Mama Cherop ameuliza kwa nini nafunga kabati. Nimesema nondo. Mwanga humo hakuna, na hewa ni ya nguo, lakini mshubiri ni mmea mvumilivu, na ufunguo ninao mimi peke yangu.